Kutu na Umeme katika Boti Kuukuu

Boti kuukuu aghalabu huuzwa kwa bei nafuu, nayo injini yake huonekana nzima: inawaka, inanguruma, haivuji mafuta. Mnunuzi hukagua mbao na kalafati, huchungulia ngama, kisha hutoa fedha. Sehemu mbili asizozitazama ndizo zinazoweza kumwacha katikati ya bahari. Ya kwanza ni bomba kuu la moshi, ambamo gesi za silinda zote hukusanyika kabla ya kutoka nje; ya pili ni rafadha pamoja na shafti yake, vilivyo majini chini ya tezi. Sehemu hizo ziko mbalimbali, lakini adui wao ni mmoja, nayo ni maji ya chumvi.

Katika gari, bomba la moshi hupozwa na upepo. Ndani ya boti hakuna upepo wa kutosha, na jirani ya bomba ni mbao na mafuta. Kwa hiyo bomba hilo huvishwa ganda la pili, na maji hupita kati ya maganda hayo mawili. Katika injini nyingi za zamani maji hayo ni ya bahari yenyewe. Ukuta mmoja wa chuma cha kusubu, basi, una gesi ya moto wa mamia ya digrii upande mmoja, na upande wa pili una maji yenye chumvi kiasi cha gramu 35 katika kila kilo. Mwishoni, penye kiwiko, maji hurushwa ndani ya gesi na vyote viwili hutoka nje pamoja.

Chuma cha kusubu kina hila moja. Ndani yake mna chembechembe za kaboni iitwayo grafiti. Chumvi inapokila chuma, grafiti hubaki mahali pake, na bomba huendelea kuwa na sura ile ile kana kwamba halijaguswa. Mtu akilikwangua kwa kisu huona kwamba ukuta umekuwa laini mfano wa risasi ya penseli. Sura ipo, nguvu imekwisha kwenda zake.

Ukuta huo ukitoboka, maji hutiririka polepole hadi kwenye vali ya kutolea moshi na kuingia katika silinda, hasa injini ikiwa imezimwa. Asubuhi nahodha huwasha injini. Pistoni hupanda na kukutana na maji badala ya hewa. Hewa hugandamizika; maji hayagandamiziki. Kinachopinda ni konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki, na safari huishia hapo. Tundu likitokea upande wa nje, gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, huweza kujaa chumbani na kuua watu waliolala.

Hapana budi bomba lifunguliwe na kupimwa. Matundu ya njia ya maji huzibwa, kisha njia hiyo hujazwa maji na kuachwa usiku kucha. Njia ya gesi ikionekana na unyevu asubuhi, bomba lina ufa. Kulichomelea ni kujidanganya, kwa kuwa ukuta unaozunguka ufa nao umekwisha liwa. Mafundi wengi hushauri bomba linalopitisha maji ya bahari libadilishwe kila baada ya miaka 5 hadi 7, hata kama halijavuja, na gasketi iwe mpya kila mara lifunguliwapo. Kusukutua njia ya maji kwa maji baridi baada ya safari huongeza umri wake. Injini isiendeshwe kavu wakati huo, maana impela ya mpira iliyo katika pampu huungua kwa muda mfupi.

Rafadha huliwa kwa njia nyingine. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa betri. Metali inayotoa elektroni kwa urahisi huyeyuka, na ile nyingine husalimika. Zinki hutoa kwa urahisi kuliko chuma, na chuma kuliko shaba. Mwaka 1824 Humphry Davy wa Uingereza aliitumia kanuni hiyo kuhifadhi bamba za shaba zilizofunika merikebu za vita, kwa kuzigusisha na vipande vya chuma au zinki. Shaba haikuliwa tena. Lakini shaba inayoyeyuka ndiyo iliyokuwa ikiua viumbe wa baharini, na sasa magugu na viumbe wenye magamba walijazana chini ya merikebu hata zikapoteza mwendo. Sayansi yake ilikuwa sahihi; merikebu ndizo zilizokwama.

Katika boti ya leo kipande cha zinki hufungwa kwenye shafti. Kiguse metali tupu, wala kisipakwe rangi kamwe, kwa sababu rangi hukata mkondo wa umeme. Nusu yake ikishaliwa, kibadilishwe. Rafadha nyingi hufanywa kwa aina ya shaba yenye zinki ndani yake. Kinga ikikosekana, zinki hiyo hung'olewa na rafadha hugeuka rangi ya waridi. Igongwe kwa nyundo ndogo: iliyo nzima hulia kama kengele, iliyooza hutoa mlio mzito.

Katika maziwa mambo ni tofauti. Maji baridi hupitisha umeme kwa shida, na zinki hujifunika utando mweupe na kuacha kazi. Huko hutumiwa magnesi. Huko pia chuma huishi zaidi. Meli ya Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, injini zake zikiwa zimepakwa grisi nyingi. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka minane katika maji ya bahari isingeiacha vile.

Darasani, chukua glasi tatu za maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, na misumari mitatu iliyosuguliwa kwa msasa. Wa kwanza uachwe mtupu, wa pili uzungushiwe waya wa shaba usio na ganda, wa tatu ukanda wa zinki uliopimwa uzito. Baada ya wiki moja linganisha misumari, kisha osha ukanda, ukaushe na kuupima tena. Rudia kwa maji ya mvua, na ueleze kwa nini majibu hayalingani.