Umeme Kutoka Chini ya Ardhi

Kadiri ardhi ichimbwavyo kwenda chini, ndivyo joto lizidivyo: kwa kawaida nyuzi 25 hadi 30 za Sentigredi kwa kila kilometa. Katika Bonde la Ufa, miamba yenye moto mkali i karibu zaidi na uso wa dunia. Huko Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, baadhi ya visima hufikia kina cha kilometa 3. Mvuke utokao humo huzungusha mitambo ya umeme. Wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981.

Ukame hupunguza maji ya mabwawa, lakini hauzimi moto huo. Hata hivyo, maji yaliyokwisha kutumika hayana budi kurudishwa ardhini, kusudi visima visipungukiwe nguvu.

Swali: Kwa nini mvuke hupungua maji yasiporudishwa, ilhali miamba ingali moto?