Mwili Wakati wa Mazoezi na Wakati wa Mashindano

Ukipita Kidongo Chekundu jioni, karibu na Kariakoo, utawaona vijana wakicheza mpira wa kikapu katika viwanja vya JMK vilivyofunguliwa mwaka 2015. Mtazame mmoja anayefanya mazoezi peke yake. Anasimama kwenye mstari wa mtupo huru, anadundisha mpira, anakunja magoti kidogo, anarusha. Mpira unaingia. Anarudia, nao unaingia tena. Siku ya mechi kijana yuleyule anasimama kwenye mstari uleule huku watazamaji wakipiga kelele. Mpira unagonga pete na kurudi. Wenzake husema, "Mwoga huyo!" Je, neno hilo ni la haki?

Kwanza tujiulize ni kitu gani kilichobadilika. Pete iko juu ya ardhi kwa mita 3.05, nayo ina kipenyo cha sentimita 45. Mpira una kipenyo cha sentimita 24 hivi. Kutoka mstari wa mtupo huru hadi ubao ni mita 4.6. Vipimo hivi ni vilevile siku ya mazoezi na siku ya mechi. Tena, mtupo huru hutolewa kwa mchezaji aliyefanyiwa madhambi, na hakuna anayeruhusiwa kumkinga. Ndiyo sababu tumeuchagua mtupo huu. Mitupo mingine ya mechi hukingwa na wapinzani, kwa hiyo si haki kuilinganisha na ile ya mazoezi.

Kilichobadilika, basi, kimo ndani ya mwili wa mrushaji.

Mtu anapoona jambo kubwa liko mbele yake, ubongo hupeleka habari kwa njia ya neva hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Tezi hizi humwaga katika damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo huanza kupiga haraka, pumzi huwa fupi, ini hutoa sukari katika damu, na viganja hutoka jasho. Misuli mikubwa ya miguu na mikono hupata damu nyingi. Mabadiliko haya humfaa sana mtu anayekimbia hatari. Humfaa pia mchezaji anayekimbilia mpira. Lakini mtupo huru hauhitaji nguvu nyingi. Unahitaji kifundo cha mkono kilicholegea na vidole vinavyoachia mpira kwa kipimo. Mkono uliokaza na kiganja chenye jasho haviwezi kufanya kazi hiyo vizuri.

Iko sababu ya pili, nayo haionekani kwa macho. Tendo lililorudiwa mara nyingi huwa mazoea, na mwili hulifanya bila kulifikiria hatua kwa hatua. Mwangalie fundi cherehani wa Kariakoo. Hushona mstari ulionyooka huku akizungumza na mteja. Mwambie kwamba watu mia wanavitazama vidole vyake, naye ataanza kuvitazama yeye mwenyewe. Hapo ndipo mshono hupinda. Mrushaji naye, akiogopa kukosa, huanza kujiuliza kiwiko kiko wapi na vidole viachie lini. Kazi iliyokuwa ikienda kwa mazoea huvurugika.

Hata hivyo tusiharakishe kutoa hukumu. Tuseme mchezaji fulani hupata mitupo 8 katika kila 10 akiwa mazoezini. Siku ya mechi anakosa miwili mfululizo. Je, ameshindwa na kelele? Hukosa 2 katika 10, yaani sehemu moja ya tano. Kukosa mara mbili mfululizo ni moja ya tano ya moja ya tano, yaani mara 4 katika kila 100. Jambo hilo linaweza kumpata hata akiwa peke yake uwanjani. Mitupo miwili haitoshi kumpima mtu.

Linganisha na tukio la mwezi Juni mwaka 1995 huko Marekani, katika mchezo wa kwanza wa fainali ya ligi kuu ya nchi hiyo. Timu ya Orlando ilikuwa mbele kwa pointi 3, zikiwa zimebaki sekunde chache. Nick Anderson, ambaye msimu ule alikuwa akipata mitupo huru 70 hivi katika kila 100, alipewa mitupo minne. Alikosa yote, na timu yake ikafungwa katika muda wa nyongeza. Ukipiga hesabu kama tulivyofanya hapo juu, utaona kwamba kukosa minne mfululizo kwa bahati mbaya tu kungetokea chini ya mara 1 katika 100. Hapa yafaa kushuku kwamba hali ya mchezo ilichangia. Wataalamu waliochunguza hesabu za ligi hiyo wamekuta kwamba timu ikiwa nyuma kwa pointi moja katika dakika ya mwisho, mitupo huru hukosekana zaidi kuliko kawaida. Wengi wa warushaji hao ni wachezaji waliorusha mpira maelfu ya mara.

Wapenzi wa kandanda wanalijua jambo hili kwa jina la penalti. Mwaka 2003 Simba waliwatoa Zamalek, mabingwa wa Afrika wakati huo, kwa mikwaju ya penalti huko Cairo. Na ili tusionekane kuwa na upendeleo, mwaka 2024 Yanga walitolewa kwa mikwaju hiyohiyo na Mamelodi Sundowns huko Afrika Kusini. Umbali wa penalti ni mita 11, uwe Cairo au Jangwani.

JARIBIO

Vifaa: tenga au ndoo, mpira mdogo wa matambara, saa yenye mshale wa sekunde, daftari.

Weka tenga hatua tano mbele ya mstari. Hesabu mapigo ya moyo wako kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa mbili. Rusha mpira mara 20 pasipo mtu wa kukutazama ila mwandishi wa matokeo. Baadaye zunguka uwanja wa shule mbio mara moja, hesabu tena mapigo, kisha rusha mara 20 darasa zima likishangilia na kuhesabu kwa sauti. Nusu ya wanafunzi waanze na kelele, na nusu waanze na kimya. Vinginevyo zamu ya pili itafaidi mazoezi ya zamu ya kwanza.

Rudieni jaribio kila wiki kwa muda wa mwezi mmoja. Safari hii kila mrushaji achague matendo yake kabla ya kurusha, kwa mfano kudundisha mpira mara tatu na kuvuta pumzi moja ndefu, naye asiyabadilishe.

MASWALI

1. Kwa nini tulichagua mtupo huru badala ya mtupo mwingine wowote?
2. Katika jaribio tulibadilisha mambo mawili kwa pamoja: mbio na kelele. Ungepangaje jaribio ili kujua lipi kati ya hayo limepunguza mitupo iliyoingia?
3. Mchezaji hupata mitupo 5 katika kila 10. Ni mara ngapi katika 100 atakosa miwili mfululizo?
4. Je, tofauti kati ya kimya na kelele katika darasa lenu ilipungua baada ya mwezi mmoja? Onyesha kwa tarakimu.