Umeme Ni Mali ya Shirika

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2023 nchi yetu ilikuwa katika mgao wa umeme. Shirika la Umeme, TANESCO, lilieleza kwamba upungufu katika Gridi ya Taifa ulikuwa yapata megawati 400, na sehemu mbalimbali zikapangiwa zamu za giza. Watu walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Walakini katika manung'uniko hayo jambo moja halikutajwa sana, ya kwamba umeme si kama kuni ambazo kila nyumba hujikatia zake. Ni mali ya shirika, na sisi tunaoutumia tu washiriki hata tusipojuana kwa sura wala kwa jina. Juma hili twapenda kulieleza jambo hilo, tukizitazama hasa wilaya za Mbulu na Hanang katika Mkoa wa Manyara, kwa maana huko laonekana wazi.

Akaaye Dar es Salaam au Tanga azijua taabu za joto. Tangu Desemba hata Machi viyoyozi, mapangaboi na majokofu hufanya kazi mchana na usiku. Mbulu ni nyanda za juu, na Katesh umekaa miguuni pa Mlima Hanang ambao kilele chake chapita mita 3,400. Huko mtu hahangaiki kutafuta upepo. Hutafuta blanketi, hasa Juni na Julai. Basi mtu wa Mbulu aweza kuuliza: Joto la pwani lanihusu nini?

Lamhusu, kwa kuwa waya ni mmoja. Umeme wa wilaya hizo huja kupitia kituo cha kupoza umeme cha Babati, kilichomo katika njia kubwa itokayo Singida kwenda Arusha. Njia hiyo imefungamana na Mtera, Kidatu na Kihansi, na mitambo ya gesi ya Dar es Salaam, na Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji. Kiyoyozi kikiwashwa Kariakoo na hita ya maji ikiwashwa Dongobesh, vyote viwili vyachota katika kisima kimoja.

Tena kisima hicho si cha kawaida. Maji yaweza kungoja mtungini, na mahindi ghalani. Umeme wa gridi kwa sehemu kubwa hauna ghala. Unaozalishwa sasa hauna budi kutumiwa sasa, na unaotakiwa sasa hauna budi kuzalishwa sasa. Mkulima wa Mbulu ataelewa upesi akifikiri juu ya maksai wanaokokota plau. Plau ikizama katika udongo mzito, maksai hupunguza mwendo. Mitambo ya umeme nayo yapaswa kwenda kwa mwendo ule ule, mizunguko 50 kwa sekunde. Mzigo ukizidi nguvu, mwendo hushuka. Ukishuka mno, vyombo vya ulinzi hukata baadhi ya laini vyenyewe, la sivyo mitambo ingeharibika na nchi nzima ingeingia gizani. Saa za hatari aghalabu ni zile za tangu saa 1 hata saa 4 usiku, jamaa wote wanaporudi nyumbani na kuwasha taa, jiko, pasi na televisheni kwa pamoja.

Ndiyo sababu katika nchi nyingine wenye mitambo huwatangazia watu kabla ya kuwakatia. Tarehe 6 Septemba 2022, jimbo la California huko Marekani lilikuwa katika joto kali mno, na matumizi yakapita kiwango chochote kilichowahi kuonekana huko. Jioni serikali ya jimbo ilituma ujumbe mfupi katika simu za mamilioni ya watu, kuwaomba wazime wasivyovihitaji. Katika dakika chache matumizi yalishuka kwa zaidi ya megawati 1,000, na mgao uliokuwa mlangoni haukutokea. Hiyo ni karibu nusu ya nguvu yote ya Bwawa letu la Nyerere. Haikupatikana kwa mtambo wala kwa fedha. Ilipatikana kwa vidole vya watu waliobonyeza swichi katika nyumba zao, kila mmoja kidogo.

Hapo msomaji mwenye habari atatupinga. Atasema: Bwawa la Nyerere limekwisha, mitambo yake 9 yatoa megawati 2,115, na wakati fulani mwaka 2024 vituo vingine vilizimwa kwa sababu umeme ulizidi. Ya nini basi kuweka akiba?

Pingamizi hilo ni la haki, nalo lataka jibu. Kwanza, umeme ulioko Rufiji si umeme ulioko Katesh. Kati yao ni mamia ya kilometa za nyaya, na katika safari hiyo sehemu ya umeme hupotea. Mwezi Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba Serikali ilikusudia kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, akitaja upotevu huo wa njiani. Pili, wingi hauzuii hitilafu. Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, gridi ilipata hitilafu na mikoa iliyounganishwa nayo ikakosa umeme, ijapokuwa wakati ule maji ya mvua yalikuwa tele. Na maji yenyewe si ya kutumainiwa milele. Waliokuwa watu wazima mwaka 2006 na mwaka 2011 wakumbuka jinsi ukame ulivyotuletea mgao.

Tena yuko yule aliye mwisho wa laini. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, uanze kazi mwaka 2007, nguzo zimefika vijiji ambavyo wazee wao hawakutazamia kuziona. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini kila nyumba mpya huongeza mzigo juu ya laini ile ile, na umeme humfikia wa mwisho ukiwa mdogo. Taa zake hufifia. Mota ya mashine ya kusaga hupata moto na yaweza kuungua, na mama aliyetembea na debe la mahindi kichwani hurudi nalo bila unga. Kama mwisho wa laini pana zahanati, jokofu la chanjo limo katika shaka hiyo hiyo. Mwenye hita kubwa aliye karibu na transfoma hamwoni huyo mama, lakini wameshikana mikono katika waya.

Tuje sasa nyumbani. Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Balbu ya nyuzi ya wati 60 ikiwaka saa 5 hula uniti 0.3, balbu ya LED ya wati 9, yenye mwanga wa kukaribiana nayo, haifiki uniti 0.05. Hilo wengi wamekwisha kulijua. Lisilojulikana sana ni maji ya kuoga. Ndoo ya lita 20 ya maji yenye nyuzi 15 za joto, ili yafike nyuzi 40, hula karibu uniti 0.6. Watu 6 wakioga kila mmoja na ndoo yake, ni kama uniti 3.5 kwa siku. Sasa angalia: kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, nyumba ya matumizi madogo ililipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na zilizozidi hapo zililipiwa shilingi 350, kabla ya kodi. Uniti 75 zikigawanywa kwa siku 30 ni uniti 2.5. Jamaa hiyo imevuka mpaka bafuni, kabla haijawasha hata taa moja!

Hatusemi watoto waoge maji ya barafu ya Julai. Lita 10 zatosha mtoto kuoga. Jua la nyanda za juu ni kali mchana hata katika baridi; debe lililopakwa rangi nyeusi na kufunikwa, likianikwa tangu asubuhi, litakuwa limepata joto la bure. Na hita ikibidi, iwashwe alasiri, si saa 2 usiku. Pasi nayo ipigwe mara moja kwa nguo za juma zima, Jumamosi mchana. Makande yalowekwe usiku kucha kabla ya kupikwa. Na umeme ukikatika, zima swichi zote isipokuwa taa moja, maana unaporudi huku pasi na majiko ya kijiji kizima yamewashwa, laini hulemewa na huweza kukatika tena.

Hapa hatuna budi kusema wazi tunawaambia nani. Kumhubiria akiba mjane mwenye balbu mbili na redio ni kumwonea. Yeye hana cha kupunguza; tena mtoto wake anayesoma usiku apewe mwanga wa kutosha. Neno hili lawahusu wenye vingi, na sisi wa parokia tumo, ambao taa za kanisa na za ukumbi huachwa zikiwaka hata alfajiri huku vipaza sauti vikinguruma bila mtu. Na anayeichezea mita ili umeme upite bila kuhesabiwa asijiite mwekevu. Amri ya saba yamhusu kama imhusuvyo mwizi wa ng'ombe.

Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, hakuona aibu kuyataja mambo madogo kama haya. Katika namba 55 alitoa viyoyozi kuwa mfano wa mazoea ya matumizi yanayoongezeka na kuidhuru dunia. Katika namba 211 alitaja kuzima taa zisizohitajika, na kumsifu mtu aliye na uwezo wa kutumia zaidi lakini hupunguza joto la nyumba na kuvaa nguo nzito. Maneno hayo yaliandikwa Roma, lakini mzee wa Mbulu aliyejifunika shuka zito jioni atayafahamu bila mfasiri.

Kazi ya jamaa kwa juma hili ni nyepesi. Jumamosi jioni, mtoto ajuaye hesabu asome uniti zilizosalia katika LUKU, aziandike kwa penseli pembeni mwa kalenda. Kila ununuapo umeme, andika uniti ulizoongeza. Jumamosi ifuatayo, saa ile ile, asome tena. Chukua zilizokuwako, jumlisha zilizonunuliwa, toa zilizosalia, kisha gawanya kwa 7. Kama jibu lapita 2.5, jamaa wakae pamoja baada ya sala ya jioni waulizane ni chombo gani kilichokula, na ni saa ngapi kiliwashwa.