Wazee wa Mjini: Kuishi Kati ya Watu na Bado Kuachwa Nje

Mzee anapotajwa Nairobi, wengi hudhani yuko mashambani. Dhana hiyo ina asili yake. Wakati wa ukoloni Mwafrika alikubaliwa mjini kama mfanyakazi tu: alipewa kitanda, si makao ya familia, na kazi ilipoisha alitarajiwa kurudi kwao. Leo wako waliozeeka Kaloleni, Mathare, Korogocho na Kibra bila shamba la kurudia. Wengine shamba wanalo, lakini wajukuu wanaowalea na majirani waliowazoea wako huku.

Kutengwa si upweke pekee. Ploti inaweza kujaa wapangaji, na mzee wa chumba cha juu asijue kwamba kuna baraza. Tangazo likitumwa kwenye kundi la WhatsApp, mwenye kabambe halimfikii. Mkutano wa kutoa maoni kuhusu bajeti ukifanyiwa ukumbi wenye ngazi nyingi, tena bila choo karibu, mwenye magoti mabovu hakukataa kuja; amefungiwa nje.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinataka mzee ashiriki kikamilifu katika shughuli za jamii, aishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na atunzwe na familia yake pamoja na Serikali. Katiba humhesabu mzee kuanzia miaka 60. Inua Jamii, mpango wa Serikali ya Kitaifa wa shilingi 2,000 kwa mwezi, huanzia miaka 70. Hapo katikati ndipo pagumu: mgongo umechoshwa na mjengo au kuchuuza mboga, waajiri hawamtaki, na kodi ya nyumba haingoji.

Hata aliyefikisha 70 anaweza kukosa. Wengi wa rika hilo waliandikiwa mwaka wa kuzaliwa kwa kukisia, na kitambulisho kikimpunguzia mtu miaka mitano, atangoja mitano zaidi. Marekebisho huanzia ofisi ya usajili wa watu. Kuingia kwenye mpango, usajili unapofunguliwa, huanzia kwa chifu au afisa wa maendeleo ya jamii. Asiyeweza kutembea huteua mlezi wa kumsaidia kupokea malipo.

Kwa mzee asiyetoka kabisa, jirani anaweza kumjulisha mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa huo. Huyu huzuru nyumba kwa nyumba, na mkoba wake una kifaa cha kupima shinikizo la damu.