Kusoma kwa Sikio: Taarifa ya Usomaji wa Matini ya André Yav

1.0 Utangulizi

Katika majarida ya aina hii, kitabu kipya kikipatikana hufanyiwa mapitio: sura hutajwa moja baada ya nyingine, ubora husifiwa, kasoro huonyeshwa, kisha kitabu hurudishwa rafuni. Makala haya yanafuata njia tofauti kidogo. Yanaeleza jinsi kitabu kimoja kilivyonishinda nilipokisoma peke yangu, na jinsi kilivyofunguka nilipowashirikisha wasomaji wenzangu katika semina ya wanafunzi wa uzamili. Kitabu chenyewe kilichapishwa mwaka 1990, na matini iliyomo iliandikwa mwaka 1965. Hata hivyo, kitabu huwa kipya siku kinapomfikia msomaji, na hiki kimechelewa mno kuwafikia wasomaji wengi wa Kiswahili wa upande huu wa Ziwa Tanganyika.

Kinachozungumziwa ni Vocabulaire de Ville de Elisabethville, matini iliyotungwa na André Yav kwa ajili ya kikundi cha watu waliokuwa zamani watumishi wa nyumbani katika mji ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Johannes Fabian aliihariri, akaitafsiri na kuifafanua katika kitabu chake History from Below, akisaidiwa na Kalundi Mango, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho.

2.0 Kamusi Isiyokuwa Kamusi

Nakiri kwamba nilikitafuta kitabu hiki kwa kosa. Nilikuwa nikifundisha leksikografia, na neno "vocabulaire" lilinifanya nitarajie orodha ya msamiati wa mjini. Hakuna orodha ya namna hiyo. Kilichomo ni historia ya mji, tangu kuja kwa wakoloni hadi baada ya uhuru, kama ilivyoonekana na watu waliopika, waliofua na waliosimama nyuma ya viti mezani. Mtumishi wa namna hiyo aliitwa "boyi", neno ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atalitambua mara moja kuwa ndugu wa "boi" wetu. Boi alisikia mengi. Alijua mshahara wa bwana wake na hasira zake, na alijua pia habari ambazo wachimbaji wa shaba hawakuweza kuzijua. Ni vigumu kutaja matini nyingine ya Kiswahili ya wakati huo ambamo jikoni pa mkoloni ndipo mahali pa kuandikia historia.

Nilisoma kurasa chache za mwanzo nikaiweka pembeni. Maneno yalikuwa yameungana mahali ambapo nilitarajia yatengane, na yametengana mahali ambapo nilitarajia yaungane. Alama za uakifishi zilikuwa haba. Tahajia ya neno moja ilibadilika. Katika daftari langu niliandika kwamba mwandishi "hakumudu lugha". Sentensi hiyo ingali pale, na nimeiacha ili initahayarishe.

3.0 Semina

Miaka kadhaa baadaye nilileta nakala ya kurasa kumi hivi katika semina, kama mfano wa matini ngumu. Kwa muda wa nusu saa hatukwenda popote. Kila mtu alikuwa na kalamu, na kila kalamu ilikuwa ikisahihisha. Ndipo mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa Kigoma, aliyekua akisikia mazungumzo ya wafanyabiashara wa kutoka ng'ambo ya ziwa, akaomba aisome kwa sauti. Hakusoma kwa haraka. Pale ambapo maandishi hayakuonyesha kituo, pumzi yake ilikionyesha. Baada ya ukurasa wa pili watu waliweka kalamu chini, na ukurasa wa tatu mtu akacheka, kwa kuwa palikuwa na mzaha ambao mimi niliupita bila kuuona.

Niliporudi kwenye insha ya Fabian niligundua kwamba yeye mwenyewe alipitia njia hiyohiyo. Matini ilimshinda kwa macho. Akamwomba Kalundi Mango aisome kwa sauti, sauti ikarekodiwa, na rekodi ikanukuliwa upya. Msomaji wa kitabu hupewa matini ya asili pamoja na unukuzi wa usomaji huo. Maelezo hayo niliyaruka hapo awali kwa kudhani kuwa ni mambo ya mbinu tu. Kumbe ndiyo ufunguo wa nyumba. Yav hakuandika kwa kanuni za tahajia tulizofundishwa shuleni kwa sababu kanuni hizo hazikumfikia. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati iliyoanza kazi mwaka 1930, vilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kumhukumu Yav kwa kanuni hizo ni kumdai kodi ya nchi asiyoishi.

4.0 Yaliyosikika

Sikio lilipokwisha kuzoea, semina iligeukia mofolojia, na hapo mjadala ukawa mkali. Kiswahili cha Katanga kina sifa zinazojulikana vyema katika maandishi ya wanaisimu: ngeli ya "bantu" na ya "bintu" mahali pa "watu" na "vitu", udogo unaoonyeshwa kwa "ka-" na "tu-", kama katika "katoto" na "tutoto", "minasema" mahali pa "ninasema", mazoea yanayoonyeshwa kwa kiambishi tamati "-aka", kama katika "anafanyaka", na kipashio "njo", ambacho inaelekea kina uhusiano na "ndiyo", lakini hufanya kazi pana zaidi katika kusisitiza na kuunganisha.

Wanasemina wawili kutoka Kanda ya Ziwa walidai kwamba baadhi ya mambo haya si ya Kongo peke yake. Nani hajasikia Mwanza mtu akisema "anakujaga" au "huwa anasemaga"? Na "katoto" husikika hata Dar es Salaam, ijapokuwa mwalimu atakiandika "kitoto". Hoja hii ni nzito. Kiambishi cha mazoea cha aina ya "-ag-" kimeenea katika lugha nyingi za Kibantu, Kisukuma kikiwemo, na Meeussen (1967) alikihesabu miongoni mwa viambishi vya Mame-Bantu. Ngeli za "ka-" na "tu-" nazo ni za kale. Kiswahili sanifu hakina hata kimoja kati ya hivi: mazoea hukionyesha kwa "hu-", na udogo kwa "ki-" na "vi-".

Hapa mwanafunzi mmoja alirukia hitimisho kwamba basi Kiswahili cha Katanga ni cha kale kuliko cha pwani. Hitimisho hilo linavutia, na ni la makosa. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1910. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Maniema, Ruanda-Urundi na kwingineko, na Kiswahili kilikua miongoni mwao kama lugha ya kazi, kisha ya mtaa, kisha ya watoto waliozaliwa mjini humo. Viambishi hivyo havikuhifadhiwa tangu zama za kale ndani ya Kiswahili. Vimerudishwa na wazungumzaji waliokuja navyo kutoka katika lugha zao za kwanza. Ndivyo ilivyokuwa, kwa maoni yangu, huko Mwanza pia. Njia mbili zisizokutana zimefikia umbo linalofanana kwa kuwa nyuma yake kuna lugha za jamii moja. Anayeziita sifa hizi "makosa ya Wakongo" inambidi aeleze kwa nini kosa lilelile linafanywa na jirani yake.

Si kila jambo tulilitatua. "Njo" ilituchukua vikao viwili, na bado siridhiki na maelezo yetu.

5.0 Kitabu cha Pili Kando Yake

Kwa pendekezo la semina tulisoma sambamba Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye alifariki mwaka 1905. Matini hiyo iliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ikahamishiwa hati ya Kirumi na Heinrich Brode, na kutolewa tena na Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni matini maarufu, nami niliidhani naijua. Ukiisoma kando ya Yav inabadilika. Wote wawili wanaizungumzia Kongo kwa Kiswahili. Mmoja anahesabu pembe za ndovu na machifu walioshindwa, mwingine anasimulia maisha ya waliotumikia. Wote wawili wametufikia kwa mkono wa mhariri wa Kizungu. Lakini Tippu Tip tunamwita mwandishi wa Kiswahili bila kusita na tumempa nafasi katika mihadhara yetu, ilhali Yav tumewaachia wanaanthropolojia. Sababu ya kiisimu ya tofauti hiyo sijaiona.

Matini ya Yav sasa inapatikana katika intaneti, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu iliyoanzishwa na Fabian na Vincent de Rooij, kwa hiyo kisingizio cha uhaba wa nakala hakipo tena. Ninawashauri wenzangu wanaotaka kuifundisha wasiigawe kwa wanafunzi kabla hawajaisoma kwa sauti wao wenyewe, ikiwezekana mbele ya mtu aliyewahi kuishi Lubumbashi, Kalemie au Uvira.

Semina imekwisha kuchagua usomaji unaofuata: mazungumzo ya Fabian na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyeichora historia ya nchi yake katika picha takriban 100. Kitabu cha mwaka 1996 kinatoa maneno yake kwa Kiingereza. Sisi tutaanza na Kiswahili alichokisema. Mwanafunzi wa Kigoma ameombwa asome, naye ameomba asaidiwe, kwa kuwa safari hii wanaozungumza ni wawili.