Kuhesabu wanyama kwa Kichina

Swali: Nauza mifugo na samaki hapa Nyakuron, Juba. Majina ya wanyama kwa Kichina nimeyakariri, lakini nikihesabu, wateja Wachina hunisahihisha. Nakosea wapi?

Jibu: Kiswahili huwaweka wanyama wote katika ngeli moja: ng'ombe watatu, samaki watatu. Kichina hutaka neno la kuhesabia kati ya namba na jina. Ng'ombe na nguruwe huchukua *tóu*: *sān tóu niú*, ng'ombe watatu. Samaki na nyoka, kwa urefu wao, ni *tiáo*: *sān tiáo yú*. Kuku, mbuzi na paka ni *zhī*; farasi ni *pǐ*. Wawili huhesabiwa kwa *liǎng*, si *èr*. Ukisahau, tumia *gè*, utaeleweka. Kuanzia leo, kariri kila mnyama pamoja na neno lake la kuhesabia.