Taa Inawaka, Chaji Inashuka: Somo Kuhusu Kuchaji Kompyuta Kupitia Doki

Somo letu la leo limetokana na kosa letu wenyewe. Muhula uliopita ndugu yetu mmoja alikuwa maktabani akimalizia sura ya mwisho ya tasnifu yake. Kompyuta yake mpakato ilikuwa kwenye doki, yaani kile kisanduku ambacho kwa waya mmoja wa USB-C huiunganisha kompyuta na skrini kubwa, kibodi, diski ya nje na umeme. Alama ya kuchaji ilikuwa inaonekana. Saa nne usiku kompyuta ilizima, na kurasa mbili ambazo hazijahifadhiwa zikapotea.

Tulisema doki ni mbovu, tukanunua nyingine. Juma lililofuata mambo yakawa yaleyale. Ndipo tulipokaa chini kuchunguza.

1. Vifaa huelewana kwanza

Waya wa USB-C unapochomekwa, umeme huanza kwa volti 5 tu. Kisha upande unaotoa umeme hutaja viwango ulivyo navyo, kwa mfano volti 5, 9, 15 na 20, pamoja na ampea za kila kimoja. Upande unaopokea huchagua. Utaratibu huu unaitwa Power Delivery, kwa kifupi PD.

Tukizidisha volti kwa ampea tunapata wati: volti 20 mara ampea 3 ni wati 60. Kwa kuwa anayepokea ndiye anayeomba, chaja nzuri ya PD ya wati 100 haiwezi kuiunguza kompyuta inayohitaji wati 45. Hatari yetu ilikuwa upande wa pili: chaja ndogo mno.

2. Mahali umeme unapopungua

*Chaja.* Doki nyingi ndogo hazina chaja yake. Tunachomeka chaja yetu kwenye doki, nayo doki inaupitisha umeme hadi kwenye kompyuta. Haiwezi kupitisha zaidi ya ilichopewa.

*Doki yenyewe.* Nayo inakula umeme, pamoja na vyote vilivyochomekwa humo. Tundu la kawaida la USB 3 linaweza kutoa hadi wati 4.5 kwa diski au simu. Kwa hiyo doki hujiwekea akiba kwanza, na kinachobaki ndicho kinachokwenda kwenye kompyuta.

*Kebo.* Kebo ya kawaida ya USB-C hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kupita hapo inahitajika kebo ya ampea 5, yenye chipu ndani inayotoa taarifa kwamba inaweza kubeba kiasi hicho.

*Tundu la kompyuta.* Si kila tundu la USB-C hupokea chaji. Mengine ni ya data tu. Tuangalie alama zilizo pembeni yake au kitabu cha maelekezo.

3. Hesabu yetu

Tulipoifuata kebo hadi ukutani tulikuta chaja ya simu, ya wati 20. Mtu alihitaji ile kubwa, akaiacha hiyo badala yake. Chaja halisi ya kompyuta ile ni ya wati 65. Doki ilichukua sehemu yake katika zile 20, kompyuta ikapata kidogo kilichobaki, na upungufu ukatolewa kwenye betri. Alama ya kuchaji haikudanganya: umeme ulikuwa unaingia kweli. Lakini uliokuwa unatoka ulikuwa mwingi kuliko unaoingia. Doki ya kwanza haikuwa na kosa lolote, na fedha ya vitabu ilikuwa imekwisha kutumika.

4. Tufanye nini?

- Tusome maandishi madogo kwenye chaja. Mstari wa "Output" ukiwa na 20V na 3.25A, hiyo ni chaja ya wati 65.
- Tutoe akiba ya doki, ambayo hutajwa kwenye maelekezo yake. Kinachobaki kikaribiane na wati za chaja halisi ya kompyuta.
- Simu zichajiwe ukutani, si kwenye doki.
- Tutazame asilimia ya betri, kisha tuitazame tena baada ya nusu saa ya kazi. Ikishuka, umeme hautoshi, hata kama taa inawaka.
- Kabla ya kununua kifaa kipya, tujaribu kwanza chaja nyingine na kebo nyingine.
- Na tuhifadhi kazi kila mara.

Maswali ya kujipima

1. Chaja ni ya wati 65, na doki inajiwekea wati 15. Kompyuta itapata ngapi? (Jibu: 50.)
2. Chaja ni ya wati 100, kebo ni ya ampea 3. Kikomo ni wati ngapi? (Jibu: 60.)
3. Je, chaja iliyoko mezani kwako sasa ni ya wati ngapi? Jibu la swali hili unalo wewe, igeuze uisome.